Habari ya Diski za Kompyuta na Kelele Zake

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima. Limetayarishwa na Afisa Elimu, Mtinko, Mkoa wa Singida. Yafuatayo ni maneno yaliyosomwa redioni. Mwalimu wa darasa aweza kuyasoma tena polepole, na wanafunzi wafuatishe kwa macho.

MANENO YA KUJIFUNZA KWANZA

Diski ngumu: sahani zinazozunguka ndani ya kompyuta na kutunza maandishi, hesabu na picha hata umeme ukizimwa.
Beringi: kifaa kinachosaidia kitu kizunguke bila kusuguana, kama kile kilichomo katika gurudumu la baiskeli.
Nakala: maandishi yale yale yaliyoandikwa mara ya pili na kuwekwa mahali pengine.

SOMO

Natumaini mmekwisha kukaa, madaftari yako wazi na kalamu ziko mkononi.

Leo nitaanza na jambo mnalolijua kuliko mimi. Hapa Mtinko, mtu akitoka nyumbani na debe lake la mahindi kwenda kusaga, huitambua mashine kabla hajaiona. Huitambua kwa mlio. Na yule anayeiendesha hujua zaidi. Mlio ukibadilika kidogo tu, huizima upesi, kwa maana amejua kwamba mkanda umelegea au beringi imeanza kulika. Sikio lake ndilo fundi wake wa kwanza.

Kompyuta nyingi nazo zina kitu kinachozunguka ndani yake, na kitu hicho kina mlio. Huitwa diski ngumu. Leo twataka kujua habari yake: ilianza lini, kwa nini ilipiga kelele, na je, kwa kuusikiliza mlio wake twaweza kujua kama kesho tutayakuta yale tuliyoyaweka leo? Swali hili si la mafundi peke yao. Majina yetu ya kupiga kura, hesabu za vikundi vyetu vya akiba, na matokeo ya mitihani ya watoto wetu, yote hayo siku hizi hutunzwa ndani ya mashine.

Mwalimu wa shule na sahani hamsini

Hapo zamani kompyuta zilisoma habari kutoka katika kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Mtu akitaka jina moja kati ya maelfu, ilibidi kadi zipitishwe kwa mfuatano mpaka lile jina lifikiwe. Kazi hiyo ilikuwa kama kumtafuta mbuzi mmoja kwa kuwatoa wote zizini mmoja mmoja.

Mwaka wa 1952 kampuni ya Marekani iitwayo IBM ilimpeleka mfanyakazi wake, Reynold Johnson, katika mji wa San Jose, jimbo la California, afungue maabara mpya. Bwana Johnson zamani alikuwa mwalimu wa shule. Alipokuwa mwalimu alibuni mtambo wa kusahihisha majibu ya mitihani, na kwa ajili ya mtambo huo IBM ikamwajiri. Basi, wanafunzi wenzangu, diski ngumu ilitoka katika maabara iliyoongozwa na mwalimu.

Mtambo wao ulitangazwa Septemba 1956, ukaitwa RAMAC. Ulikuwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, zimepangwa moja juu ya nyingine na kuachiana nafasi. Sahani zilipakwa kitu chenye kushika sumaku, na maandishi yaliwekwa juu yake kwa nguvu ya sumaku. Zilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Wazee wanaokumbuka gramafoni watafahamu ukubwa wa mwendo huo, kwa kuwa santuri za zamani zilizunguka mara 78 tu kwa dakika.

Uzito wa mtambo ule ulizidi tani moja, nao ulitunza herufi 5,000,000. Kama kitabu kimoja kina herufi laki nne, basi uliweza kutunza vitabu kumi na viwili na nusu. Tena, ili kichwa cha kusomea kisiiguse sahani, ilibidi hewa ipulizwe kwa nguvu katikati yao. Mota, sahani na mtambo wa hewa, vyote vilikuwa na sauti yake. Hakuna aliyeuweka mtambo kama huo chumbani pa kulala.

Kompyuta yafika kwetu

RAMAC ilipotangazwa, Tanganyika ilikuwa bado chini ya Waingereza, na TANU ilikuwa na umri wa miaka miwili. Miaka tisa baadaye, mwaka wa 1965, nchi yetu ikiwa huru, kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ya kampuni ya Uingereza iliyoitwa ICT, na aina yake ilijulikana kwa nambari 1500.

Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini mashine hizo zilitaka fedha nyingi za kigeni, wataalamu wetu walikuwa wachache mno, na kazi za hesabu hazikwenda kama ilivyotazamiwa. Mwaka wa 1974 Serikali ilikataza kuingiza kompyuta nchini ila kwa ruhusa maalumu. Katazo hilo lilikuja kulegezwa hatua kwa hatua miaka iliyofuata.

Wengine hulicheka katazo hilo leo. Mimi sicheki. Waliolitoa waliona jambo moja la kweli: ukimkabidhi mtu daftari la nchi, sharti ujue kama wamtegemea kwa haki, au wamtegemea kwa sababu tu amevaa vizuri. Swali hilo laihusu mashine vile vile.

Mashindano ya kasi

Wakati sisi tulipokuwa tumefunga mlango, wenzetu waliendelea. Mwaka wa 1973 IBM ilitoa diski ambayo sahani zake na vichwa vyake vya kusomea vilifungiwa pamoja ndani ya chombo kimoja, vumbi lisiingie. Mwaka wa 1980 kampuni nyingine ya Marekani, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Seagate, iliuza diski ndogo ya kompyuta za mezani. Nayo ilitunza herufi milioni tano, sawasawa na RAMAC ya tani moja, lakini mtu mmoja aliweza kuibeba mikononi. Ilizunguka mara 3,600 kwa dakika.

Ndipo mashindano ya kasi yakapamba moto. Mwaka wa 1992 Seagate ilitoa diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Mwaka wa 1996 ikatangaza ya 10,000. Mwaka wa 2000 ikafika 15,000. Chukueni kalamu mgawanye 15,000 kwa 60. Mtapata 250. Sahani hiyo ilizunguka mara 250 katika sekunde moja, yaani katika muda wa kusema neno moja fupi.

Kwa nini walitaka kasi? Fikirini basi linalozunguka mjini. Likikupita, wangoja mpaka lirudi. Basi lenye mwendo hurudi mapema. Hali kadhalika, neno lililoandikwa juu ya sahani huzunguka pamoja nayo, na kichwa cha kusomea hungoja mpaka neno lifike chini yake. Katika benki ambayo maelfu ya watu huuliza salio lao kwa wakati mmoja, kungoja kidogo kidogo huwa kungoja kwingi.

Lakini kasi ina gharama yake. Diski za mizunguko 15,000 zilitoa joto jingi na kula umeme. Sahani zake zilifanywa ndogo ili ziweze kuvumilia mwendo ule, kwa hiyo zilitunza maneno machache kuliko diski za kawaida. Na zilipiga kelele. Mwaka wa 2003 kampuni ya Western Digital ilipotoa diski ya mizunguko 10,000, wengi walifurahia wepesi wake huku wakilalamika juu ya mlio wake.

Kelele yatoka wapi?

Kelele ya diski ina chanzo zaidi ya kimoja, na yafaa tuzipambanue.

Ya kwanza ni mvumo usiokoma. Huu hutoka katika mota na beringi. Beringi za zamani zilikuwa na gololi za chuma, kama zile za baiskeli, na gololi zikichakaa mvumo hugeuka kuwa mlio mkali. Kuanzia mwaka wa 2000 hivi watengenezaji waliziacha gololi, wakatumia tabaka jembamba la mafuta liushike mhimili unapozunguka. Diski zikapoa sauti sana.

Ya pili ni mgongo wa haraka haraka: tik, tik, tik. Huo ni mkono unaobeba kichwa cha kusomea, ukirukaruka kutoka mstari mmoja wa sahani kwenda mwingine. Hiyo ni sauti ya kazi, wala si ugonjwa.

Ya tatu ni ya sanduku lenyewe. Diski iliyofungwa vibaya hulitikisa bati la kompyuta, na bati likaitikia kama ngoma. Mara nyingi dawa yake ni mpira mdogo chini ya skrubu.

Lakini kuna sauti moja ya hatari. Mkono ukigonga kwa vishindo vilivyo sawa, ta! ta! ta!, na maandishi hayafunguki, basi huenda kichwa kinatafuta njia yake na hakiioni. Mkiisikia hiyo, msiendelee kuiwasha na kuizima. Kama maandishi bado yasomeka, toeni nakala kwanza, kisha mwite fundi. Wala msiifungue diski wenyewe. Kichwa huelea juu ya sahani katika nafasi ambayo unywele mmoja umeizidi kwa unene mara maelfu. Punje moja ya vumbi letu la kiangazi ni jabali mbele yake.

Diski nayo yaumizwa na kelele

Sasa nitawaambia jambo la ajabu. Sisi twasikia kelele ya diski, na diski nayo yaweza kudhurika kwa kelele yetu.

Mwishoni mwa mwaka wa 2008 fundi mmoja wa kompyuta, Brendan Gregg, alisimama mbele ya kabati la diski akazipigia kelele kwa sauti yake yote, huku mashine ikipima kazi yao. Papo hapo diski zikachelewa. Sababu yake si ngumu. Jaribu kuandika barua ndani ya basi linalopita penye mashimo. Kalamu huacha mstari, nawe huna budi kungoja mtikisiko upite ndipo uandike tena. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na kichwa cha kusomea ni kalamu hiyo.

Jambo lililoonekana kama mchezo likawa msiba mwezi wa Septemba 2016. Katika mji wa Bucharest, nchi ya Romania, benki ya ING ilikuwa ikijaribu mitambo yake ya kuzima moto kwa gesi. Gesi ilitoka kwa mshindo mkubwa kupita ilivyotazamiwa, na mshindo huo ukaziharibu diski. Kwa muda wa saa kumi hivi wateja hawakuweza kutumia kadi zao wala kutoa fedha katika mashine za benki. Hapakuwa na moto wala mwizi.

Je, mlio watosha kutuonya?

Hapa ndipo kiini cha somo. Mwendesha mashine ya kusaga hulitegemea sikio lake. Je, nasi tulitegemee kwa diski?

Watengenezaji huandika kwamba diski zao nzuri hufanya kazi kwa wastani wa saa 1,000,000 au zaidi kabla ya kuharibika. Gawanyeni kwa saa 8,760 za mwaka mmoja. Mtapata miaka 114. Msidhani kwamba diski moja itaishi umri huo. Maana yake ni kwamba ukiwa na diski 114 zinazofanya kazi mwaka mzima, utazamie moja kufa.

Mwaka wa 2007 wataalamu wawili, Bianca Schroeder na Garth Gibson, walichungua habari za diski kama 100,000 zilizokuwa kazini. Waliona kwamba mara nyingi diski 2 mpaka 4 katika kila 100 zilibadilishwa kila mwaka, na mahali pengine zilifika 13. Tena hawakuona tofauti kubwa kati ya zile za bei ghali zilizotengenezwa kwa kazi nzito na zile za kawaida.

Mwaka huo huo wataalamu wa Google walitoa uchunguzi wao juu ya diski zaidi ya 100,000. Diski huwa na ukaguzi wake wa ndani, kama mtu anayejipima homa. Wataalamu waliona kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza katika ukaguzi fulani, hatari ya kufa kwake ndani ya siku 60 ilikuwa mara 39 ya diski isiyo na kosa. Hiyo ni dalili ya kuangaliwa. Lakini zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya zile dalili nne walizoziona kuwa na nguvu. Zilikufa bila kuaga.

Yaliyonipata mimi

Miaka michache iliyopita nilifanya kazi katika ofisi moja, na jina lake sitalitaja. Tulikuwa na kompyuta mbili za mitumba. Moja ilikuwa na diski ya kasi, ikivuma tangu asubuhi mpaka jioni. Ya pili ilikuwa tulivu, hata mgeni alidhani imezimwa. Mimi ndiye niliyeshauri orodha ya wanafunzi wetu wa elimu ya watu wazima iondolewe katika ile yenye kelele, iwekwe katika ile tulivu. Nilisema kwamba mashine inayolalamika hivyo haitafika mbali.

Jumatatu moja asubuhi ile tulivu haikuamka. Haikugonga, haikulia. Kazi ya miaka mitatu ilikuwa ndani yake: majina, mahudhurio na matokeo ya majaribio. Ile yenye kelele iliendelea kuvuma, nayo ilikuwa na orodha ya zamani tu, iliyosalia kwa bahati kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuifuta.

Tulizunguka vijijini kuomba madaftari ya walimu. Mengine yalipatikana, mengine yalikuwa yameliwa na mchwa. Mama mmoja alikuwa amefaulu jaribio lake la mwisho, lakini mwalimu wake alikuwa amehama, wala hapakuwa na karatasi ya kumshuhudia. Ikabidi alifanye upya. Alikuja kwa miguu, akakaa, akaandika mpaka mwisho, akafaulu tena. Alipomaliza alifungua kitambaa chake, akatoa daftari lake la kwanza la kujifunzia herufi, akaniuliza, "Mwalimu, daftari langu mimi lipo. Lenu limekwenda wapi?"

Nilimwomba radhi. Jibu sikuwa nalo. Somo hili ni sehemu ya jibu nililolitafuta tangu siku ile.

Leo mashine zimenyamaza

Historia yetu yaendelea. Mwaka wa 1967 watu wa Tanzania walihesabiwa kwa karatasi, wakapatikana milioni 12 na zaidi kidogo. Mwaka wa 2015 wapiga kura waliandikishwa kwa mashine zilizochukua picha na alama za vidole. Katika sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba hata nyumba wakishika vishikwambi, wakahesabu watu 61,741,120.

Kishikwambi hakina sahani inayozunguka. Kama simu ya mkononi, hutunza maandishi ndani ya vipande vidogo visivyo na kitu kinachosogea. Kompyuta nyingi mpya nazo zimefuata njia hiyo, na diski zile za mizunguko 15,000 zimekuwa zikiachwa, kwa kuwa chombo kisichozunguka hujibu upesi kuliko zote. Hakina mvumo wala mgongo. Lakini nacho huharibika, na kikiharibika hakuna sikio litakalokisikia. Wazee walisema, "Kimya kingi kina mshindo mkubwa."

Basi, ndugu wasikilizaji, tuyaweke haya moyoni. Mlio ukibadilika, tuusikilize. Mlio usipobadilika, tusilale. Katibu wa kikundi cha akiba aandike hesabu katika kompyuta au simu, aweke nakala ya pili katika chombo kingine, na chombo hicho kikae nyumba nyingine, kwa maana moto na mwizi huvikuta vyote vilivyo pamoja. Mara kwa mara aifungue ile nakala aone kama yasomeka. Na yale ambayo tukiyapoteza hatuwezi kuyapata tena, tuyaandike pia katika karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lisilo na nakala lina safari hiyo hiyo.

Tukome hapa kwa leo. Kwaherini, na tusikilizane katika somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. RAMAC ilitunza herufi 5,000,000. Diski moja ya siku hizi yaweza kutunza herufi 1,000,000,000,000. Je, ni sawa na RAMAC ngapi?
2. Taja sauti mbili za diski zisizo na hatari, na moja yenye hatari.
3. Kwa nini mwandishi alikosea kuiamini ile kompyuta tulivu?
4. Mna maoni gani juu ya katazo la mwaka wa 1974?
5. Katika kikundi chenu, hesabu zimeandikwa wapi? Mahali hapo pakiungua leo usiku, mtazipata wapi kesho?